Mahindi Yaliyopinda Kuelekea Dirishani

Swaumu alikijua chumba kile kwa mikono kuliko kwa macho. Mlango wa kwanza aliusukuma kwa bega, akaingia na ndoo yake, akaufunga kabla hajagusa wa pili. Katikati ya milango hiyo palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na hapo alisimama kwanza mpaka macho yasahau jua. Ndipo alipoingia ndani. Taa ilikuwa moja tu, balbu ndogo iliyovishwa nailoni ya kijani, hafifu kiasi kwamba aliona ukingo wa meza na mikebe iliyopangwa juu yake, lakini vidole vyake mwenyewe hakuviona. Alimwagilia kwa kopo, mkebe baada ya mkebe, akichovya kidole mchangani kujua upi umekauka.

Mikebeni mlikuwa na mahindi ambayo hayakuwahi kuona jua tangu yalipokuwa punje. Yalikuwa meupe yanayoelekea manjano, marefu, membamba, na majani yamejikunja ndani ya ala yake kama mtu aliyejifunika shuka kwa baridi. Ukiyagusa yalikuwa laini hata ukaogopa. Swaumu aliyaita wanawali wake. Hakumwambia mtu. Alikuwa ametunza wanawali wa kweli huko Mkata, mabinti waliowekwa ndani walipovunja ungo, wakapauka kwa kukaa gizani, na kazi ile aliifanya kwa moyo. Hata haya mahindi alikuwa akiyasalimu akiingia.

Jengo lenyewe lilikuwa bohari la katani tangu enzi za Wazungu, likaendelea kuwa bohari shamba lilipokuwa la serikali. Sasa shamba lilikuwa limepata mwekezaji. Nusu ya kambi ya wafanyakazi imehamwa, mashine ya katani inanguruma siku inapopenda, na kila mwisho wa mwezi kuna watu wanaoambiwa kwamba wamepunguzwa, kama vile ni chumvi kwenye mboga. Bohari walipangishiwa watu wa utafiti kutoka chuoni, na ndivyo Swaumu alivyopata kibarua cha kumwagilia. Alikuwa akitembea asubuhi kutoka Kwamndolwa, kwenye chumba alichopewa na dada yake, na jioni akirudi.

Kibarua kingekuwa kizuri kama si mtu aliyekaa nje. Chini ya dirisha la bohari, juu ya kigoda, na rungu mapajani, alikaa Hiza.

Hiza alikuwa mdogo wake Mhina, na Mhina alikuwa mume wa Swaumu. Mhina alipofariki, ukoo ulikaa baada ya arobaini, ukasema Swaumu ana mtoto mmoja tu, Maryamu, naye ni wa kike na ameshaolewa, kwa hiyo lile shamba la Mkata lirudi kwa wenyewe. Alikuwa amelilima tangu ujana wake. Visiki vyote vya shamba lile aling'oa yeye, Mhina akiwa na pumu yake amekaa kivulini anamtania. Wakampa Hiza alitunze. Zilikuwa zile siku ambazo kila mtu aliambiwa biashara ni huria, na viwanja vya kando ya barabara kuu vikawa vinatafutwa na watu wa mjini kama vitumbua vya moto. Hiza akamuuzia mtu wa Dar es Salaam, akanunua mahindi ya kupeleka mjini kwa lori, lori likakwama, mahindi yakalowa, mtaji ukaisha. Mwisho wake ndio ule: mlinzi wa bohari, analinda mahindi yasiyo yake, na shemeji yake anapita mbele yake na ndoo kutwa mara kadhaa bila kumtazama.

"Shemeji, habari za asubuhi," husema.

"Zipo," hujibu Swaumu. Hakuwahi kuongeza.

Mwenye mahindi alikuwa Dokta Serafina, mwanamke mfupi, mchangamfu, mdogo kwa Swaumu, na kila asubuhi alimpa shikamoo yake. Aliwapenda watu wanaouliza. Siku moja walipokuwa wakipepeta mchanga nje ya bohari, Swaumu akamuuliza mahindi yale yamekosa nini hata yafungiwe.

"Hayajakosa kitu, mama. Natafuta protini moja iliyomo ndani yake."

"Protini? Zile za kliniki? Dagaa na maharage?"

Dokta Serafina akacheka mpaka akaweka chekeche chini. "Ni ndugu zao. Lakini hii huli. Sikiliza. Mmea umejengwa kwa vyumba vidogo sana, seli tunaziita, vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Kila seli ina ukumbi, na ndani ya ukumbi ina chumba cha siri, ndicho kiini. Humo ndimo yalimo maagizo yote: refuka, acha kurefuka, fungua majani, kuwa kijani. Sawa?"

"Sawa. Nyumba na chumba cha ndani."

"Haya. Gizani, protini yangu inakaa ukumbini, imetulia, haina habari. Mwanga ukiigusa, inajigeuza umbo, inanyanyuka, inaingia chumba cha ndani. Ikifika huko inaanza kutoa amri. Mmea unaambiwa: umeshatoka nje, acha kurefuka. Kwa hiyo mmea hauna macho, lakini unaona."

"Na ikiwa mwanga ni kidogo?"

"Hapo ndipo penye shida yenyewe. Kwenu Mkata mnapandaje?"

"Tunachimba chini sana. Udongo wa juu ni mkavu, punje haioti."

"Umeona? Chipukizi linatakiwa lirefuke gizani mpaka litokeze. Sasa kuna mbegu ambayo ikiguswa na mwanga mdogo tu uliopenya kwenye ufa wa udongo, protini yake inakimbilia ndani, inatoa amri ya uongo, na mche unaacha kurefuka kabla haujafika juu. Unafia chini. Na kuna mbegu isiyodanganyika upesi. Nataka kujua hiyo ni ipi, nijue na kwa nini. Wakulima wa Handeni wauziwe hiyo."

Swaumu aliendelea kupepeta. Alikuwa ameona mengi yakifia chini, akalaumu panzi, akalaumu mwezi, akamlaumu hata Mhina.

"Na ikishaingia chumba cha ndani, inatoka?"

"Si upesi, mama. Ndiyo maana nakusumbua na milango."

Alielewa. Hilo ndilo lililokuja kumtesa baadaye, kwamba hakuwa mtu asiyeelezwa. Alielezwa vizuri, kwa Kiswahili, na mtu aliyeacha chekeche chini ili amweleze.

Siku ilipokaribia, Dokta Serafina akaleta habari kwamba kesho yake asubuhi atakuja na chupa yake ya chuma kutoka Dar es Salaam. Ndani ya chupa hiyo mna kitu cha baridi kuliko barafu, kinafuka moshi na hakingojei mtu. Kila saa inayopita kinapungua. Mahindi yangekatwa na kugandishwa humo, yapelekwe kwenye maabara yenye mashine za kutenganisha ukumbi na kiini, waone protini ilikuwa wapi.

"Nusu tutayakata humohumo gizani," alisema. "Nusu tunayawashia taa kubwa kwanza. Kesho tunayatoa, mama."

Tunayatoa. Neno hilo Swaumu alishinda nalo mchana kutwa. Jioni alipoingia kumwagilia mara ya mwisho aliyatazama kwa ile taa ya kijani, yamesimama wima kama yanasikiliza, akayaonea huruma. Kwa ukoo wa mama yake, mwali hatolewi nje kwa ghafla. Jioni ya kuamkia siku yenyewe, somo yake, yule mwanamke anayemtunza, huacha mlango wazi upana wa kidole, mpaka asubuhi, ili mwanga umfikie mwali kidogokidogo, ngozi na macho vikazoea. Hakuna anayeomba ruhusa ya kufanya hivyo. Swaumu mwenyewe shangazi yake alisahau. Alitolewa kwenye jua la saa nne na ngoma mbele yake, akaanguka kizingitini, na wanawake wa Mkata walilisimulia anguko lile mpaka alipopata mtoto. Ndipo akaapa kwamba mwali wake yeye hataanguka, na hakuna aliyewahi kuanguka.

Akatoka, akafunga milango yote miwili, akazunguka nyuma ya bohari. Dirisha lilikuwa la ubao mzito, na komeo lake lilikuwa upande wa nje, kwa sababu lilijengwa kuwazuia wapakiaji wasichomoe katani wakiwa ndani. Nyufa zilizibwa matambara. Kigoda cha Hiza kilikuwa kitupu, rungu limeegemezwa ukutani. Adhana ya magharibi ilikuwa imeshapita; Hiza alikuwa msikitini na hatarudi mpaka baada ya isha, kama kawaida yake, ingawa hakuruhusiwa kuondoka.

Swaumu alilivuta komeo. Akalivuta dirisha upana wa kidole, akaokota gunzi la hindi chini na kulipachika kwenye pengo ili lisijifunge. Wakati analipachika, wazo lilimpita: komeo hili si langu, hili ni la Hiza, yeye ndiye atakayeulizwa. Lilipita kama inzi anavyopita mbele ya uso, hakulishika, hakulifukuza. Akajifunga kanga yake vizuri akaenda nyumbani, akikusudia kuwahi alfajiri aje alifunge.

Alfajiri usingizi ulimpitia; alipofika, jua limeshapanda na gari la Dokta Serafina lilikuwa limemtangulia.

Milango yote ilikuwa wazi. Hilo tu lilitosha kumwambia. Ndani ya bohari, kwa mara ya kwanza, kulikuwa na mwanga wa kawaida, na Dokta Serafina alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono katikati ya magoti. Kando yake alisimama Bwana Yordani, msimamizi wa majengo, aliyewekwa na mwekezaji, mtu wa suruali iliyopigwa pasi na mdomo usiopoa. Dirishani jua la asubuhi lilikuwa likiingia kama wembe.

Na mahindi yote yalikuwa yamepinda. Mkebe kwa mkebe, yameinamisha shingo upande mmoja, kuelekea dirishani, ya karibu zaidi yameinama mno, ya mbali kidogo, kama watu waliosikia mtu anaitwa.

"Angalia, mama," Dokta Serafina alisema kwa sauti ya chini. Hakuwa amekasirika; angekasirika ingekuwa nafuu. "Upande wa kivuli umerefuka kuliko upande wa mwanga, ndiyo maana yameinama. Hiyo ni kazi ya protini nyingine. Hiyo tunaiona kwa macho. Ile yangu haionekani, lakini najua iko wapi. Imeingia ndani, kwenye mahindi yote. Sina tena ya giza na ya mwanga. Yote ni ya mwanga."

"Si uyakate hivyohivyo?" Bwana Yordani aliuliza.

"Nikate nini? Niwaandikie kwamba mbegu zote ni sawa, kwa sababu mtu alifungua dirisha?"

Bwana Yordani akatoka nje, na sauti yake ikasikika nyuma ya bohari. "Hiza. Hebu njoo hapa, mlinzi. Hili komeo linafunguliwa na nani?"

"Sijui, mkuu."

"Hujui. Wewe umekaa chini yake usiku kucha hujui. Labda ni upepo?"

"Labda ni upepo."

"Upepo wenye vidole. Ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kuswali magharibi."

"Kwa hiyo ama umelifungua upitishe ujinga wako, ama umeliacha na kuzurura. Chagua mwenyewe unalolipenda, mimi yote yananitosha."

Swaumu alikuwa amesimama kati ya milango miwili, pale pa mtu mmoja na ndoo yake. Dokta Serafina alisema, akimwonyesha kwa kidevu, lakini akiongea na Bwana Yordani aliyekuwa anarudi: "Huyu mama simuulizi kitu. Huyu huingia humu kama anaingia msikitini."

Hapo ndipo angesema. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi. Lakini kutoka nje alisikia Hiza akijitetea, sauti imepanda, sauti ileile aliyoitumia siku ya kikao cha ukoo aliposema mwanamke harithi udongo. Na Swaumu akahisi ulimi wake umetulia mdomoni, umepata raha, kama mtu aliyekaa baada ya kutembea sana. Akachukua ufagio.

Raha ile haikufika jioni.

Wiki hiyo bohari lilikaa wazi, milango imeegemezwa mawe, na mahindi yaliyopinda yakaanza kugeuka kijani na kujinyoosha, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuyatupa. Dokta Serafina alirudi Dar es Salaam na chupa tupu. Kabla hajaondoka alimwambia Swaumu kwamba mbegu ya zamani ya Mkata, ile aliyopewa na bibi mmoja aliyekuwa ameihifadhi juu ya moshi wa jiko, imebaki kiganja kimoja. Akikosea tena, basi. Alimwambia kama mtu anavyomwambia mwenzake. Habari zikaenea kwamba Jumamosi Bwana Yordani atataja atakayepunguzwa kwenye ulinzi, na kila mtu alilijua jina.

Siku ya pili yake Hiza alimfuata Swaumu kisimani.

"Shemeji."

"Nasikia."

"Wewe ndiye wa mwisho kutoka siku ile. Uliona kigoda changu kitupu. Waambie tu hivyo. Waambie uliona sipo, wajue kwamba mwenye kufungua ni mtu mwingine. Kuondoka lindoni watanikaripia. Kuharibu kazi ya watu watanifukuza."

"Mimi huwa siangalii kigoda chako."

"Shemeji, nina watoto wale. Unawajua. Wawili uliwapokea wewe mwenyewe walipozaliwa."

"Na mimi nilikuwa na shamba. Ulinijua?"

Hiza akaitazama ndoo. "Lile lilikuwa la ukoo," alisema.

"Basi ukoo ukakuangalizie kigoda."

Aliinua ndoo kichwani kwa haraka, maji yakamwagika mabegani. Alitegemea kwamba Hiza akikataa kuomba radhi, yeye atapata nguvu. Hakupata. Hiza alibaki na kosa lake, naye akabaki na lake, na hayo mawili hayakupunguzana. Kilichomsumbua si dirisha. Dirisha alilifungua kwa huruma, hata mbele ya Mungu angesimama akasema hivyo. Kilichomsumbua ni lile wazo lililopita, na sasa halikupita tena; lilikuwa limeingia mahali ndani kabisa, na kila alichofanya kilitoka huko. Alimega ugali, likamwamuru auache. Dada yake alimsalimu, likamwamuru aitikie kwa ukali. Je, kama kigoda kisingekuwa kitupu, angelivuta lile komeo? Kama pale angekaa mtu mwingine, mzee yeyote ambaye hamdai kitu, asingemwambia, baba, naacha kidole kimoja, nitakuja kufunga alfajiri?

Ijumaa alikaa getini na Simaloi, mama wa Kimaasai aliyeleta maziwa kambini kutoka maboma ya upande wa Handeni. Simaloi alikuwa hapendi maneno mengi, ndiyo maana Swaumu alimweleza yote, akidhani hatajibu.

Simaloi alifuta mdomo wa kibuyu kwa majani. "Huyo Hiza ni mtu mbaya," alisema.

"Ni mbaya."

"Alikula shamba lako."

"Alilila."

"Na dirisha, alifungua yeye?"

Swaumu alikung'uta vumbi kwenye upindo wa kanga yake.

"Kwetu, ukipoteza ng'ombe wa mtu, hata kama huyo mtu alikuibia mbuzi, wanauliza ng'ombe yuko wapi. Mbuzi wanamuuliza siku nyingine." Akamimina maziwa. "Wewe unataka waulize vyote siku moja. Utazeeka hapa getini."

"Nikisema watanifukuza mimi."

"Ndiyo," Simaloi alisema. "Maziwa unataka ya kuganda au haya?"

Jumamosi watu wa lindo, wa bustani na wa usafi walisimama mbele ya ofisi, mikono nyuma. Dokta Serafina alikuwa amerudi kupanda upya, amesimama pembeni mwa gari. Bwana Yordani hakuhitaji karatasi. Alieleza kwamba mwekezaji anataka shamba jepesi, kwamba zile enzi za kulea watu zimekwisha, na kwamba kuna mmoja hapa ambaye amerahisisha kazi ya kuchagua.

"Hiza, sogea mbele, uonekane vizuri."

"Komeo nililifungua mimi," Swaumu alisema.

Hakulisema kwa nguvu, na walio nyuma wakaulizana amesema nini. Bwana Yordani alimtazama, kisha akatabasamu kwa kuwaonea huruma wote wawili.

"Mama, najua huyu ni shemeji yako. Undugu wenu huu wa Kizigua utawamaliza. Rudi nyuma."

"Sirudi. Nililifungua mimi jioni, yeye akiwa msikitini."

"Mama Maryamu, usijitwishe mzigo wa watu."

Baadhi wakaguna kwa kumsifu. Mzee mmoja wa bustani alisema kwa sauti kwamba hivyo ndivyo mke wa kaka anavyotakiwa kuwa. Swaumu alihisi uso unamwaka moto. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa sifa hakujiandaa.

"Nilipachika gunzi," alisema. "Upana wa kidole. Gunzi la hindi jekundu, nililiokota palepale ukutani."

Dokta Serafina alikuwa ameegemea gari. Akasimama wima. Alikuja polepole mpaka mbele ya Swaumu, na kutoka mfuko wa koti lake hakutoa kitu, lakini mkono aliuingiza kama anakitafuta.

"Gunzi lile nililiondoa mimi nilipofika," alisema. "Sikumwonyesha mtu. Nilidhani limerushwa na watoto." Akautoa mkono mfukoni. "Kwa nini, mama?"

Swaumu akamweleza. Alieleza habari ya mwali na mlango na upana wa kidole, mbele ya watu wote, na ilivyokuwa ikitoka mdomoni ilionekana kwake kitu cha kipuuzi, kama nguo ya ndani iliyoanikwa barabarani. Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Kwetu haliulizwi, dokta. Mwenye kumtunza mwali ndiye anayejua."

"Na nilikueleza habari ya protini."

"Ulinieleza. Nilielewa. Nilisikia yatatolewa, nikawaza watu, sikuwaza mahindi."

"Hilo nalikubali," Dokta Serafina alisema. Macho yake yalikuwa na maji lakini sauti ilikuwa kavu. "Hilo ningelicheka nikalikubali siku ileile. Kile kiganja cha mbegu kilikuwepo, tungepanda siku hiyohiyo, nikaomba chupa nyingine mapema. Lakini umeniacha nimlaumu mtu wiki nzima, na mimi nikakutolea mfano."

"Ndiyo, dokta."

"Hilo silikubali."

"Hata mimi silikubali," Swaumu alisema.

Bwana Yordani alikuwa akiangalia saa yake. Alisema kwamba yeye hakuja kusikiliza hadithi za jando na unyago, kwamba nafasi ya kupunguza ni moja, na jina linaloijaza halimuumizi kichwa. Hiza arudi kwenye kigoda chake, na akiswali aswalie palepale. Mama aache ndoo na ufunguo kwa dokta. Watu wakatawanyika haraka kuliko walivyokuja.

Dokta Serafina aliupokea ufunguo. Akasema shikamoo, labda kwa mazoea, labda kwa sababu hakuwa na neno jingine la kuagia, na Swaumu akaitikia akiwa ameinama.

Hiza alimfuata mpaka kwenye wembamba wa njia kati ya mistari ya mkonge, mahali ambapo hakuna aliyewasikia. Alitembea nyuma yake kwa muda. Hakushukuru, na Swaumu hakumgeukia.

"Hiyo habari ya mwali," hatimaye Hiza alisema, "ni ya kweli?"

"Ni ya kweli."

"Kwa sababu nilidhani umenitega. Wiki nzima nilikuwa najua ni wewe. Nani mwingine? Nikasema, huyu kanitega kwa ajili ya shamba. Nikanyamaza, maana ningesema nani angeniamini, na wewe unaingia mle kama msikitini. Sasa nimekusikia pale mbele, nikasema kumbe nimemdhania vibaya. Alifanya kwa huruma tu."

Swaumu alisimama. Mbele yake njia ilikuwa nyeupe kwa vumbi, na kule mwisho reli. Huruma tu. Angeweza kuondoka nalo neno hilo. Alikuwa ameshapoteza kibarua, amelilipia. Hiza mwenyewe alikuwa anampa kwa mkono wake.

"Nilifanya kwa huruma," alisema. "Lakini nilikiona kigoda chako kitupu. Nikajua komeo ni lako. Nilijua, kisha nikalipachika gunzi."

Hiza akakunja uso kama mtu aliyeonjeshwa shubiri. Alitazama nyuma kuelekea bohari, kisha akamtazama yeye.

"Sasa hilo umeniambia la nini? Afadhali ungebaki nalo, shemeji."

"Nimebaki nalo wiki nzima. Lichukue na wewe ukae nalo."

Alisubiri kidogo, pengine Hiza angesema lake. Hiza aligeuka na kurudi lindoni, akitembea upesi kama mtu anayeogopa kukutwa hayupo. Swaumu alimwangalia mpaka mkonge ukamficha. Kisha akajitanda kanga, akavuka reli, akaenda kumwambia dada yake kwamba kuanzia Jumatatu atakuwa nyumbani.